Jinsi ya kuchuja simu za kero kwenye simu ya mezani ya mzee wako hapa Uingereza

Kama una mama, baba au shangazi anaishi Uingereza na bado kaing'ang'ania simu yake ya mezani basi unajua kinachoendelea mchana kutwa. Simu inalia, anajikongoja kutoka jikoni na magoti yake yale, akipokea anaambiwa waranti ya friji imeisha, mara intaneti itakatwa leo leo, mara kadi yake ya benki imetumika kununua kitu na anatakiwa abonyeze 1, mara kimya tu halafu inakatwa. Na usimwambie aachane na hiyo simu maana ndiyo anayoijua, namba yake iko hospitali, iko msikitini au kanisani, iko kwa ndugu zake Tanga na Mombasa, na mkono wa simu ile mabutoni yake makubwa anayaona. Kwa hiyo simu inabaki, kazi yetu ni kuichuja.

Naandika hapa jinsi ya kufanya hatua kwa hatua, ila kwanza elewa jambo moja maana ukilikosa hilo utahangaika sana. Karibu kila mtu anaanza kwa kubloku namba moja moja. Simu imekuja, namba imeonekana, anaibloku, kesho inakuja nyingine. Hutamaliza. Matapeli hawapigi kwa namba zao, wanatumia programu inayoonyesha namba yoyote wanayotaka wao, kwa hiyo mzee anayekaa Leicester anaona 0116 anadhani ni mtu wa mtaani kwake, wa Reading anaona 0118, kumbe anayepiga hayuko hata nchi hii. Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano hapa, wamezibana kampuni za simu zizuie simu zinazotoka nje huku zikijifanya za Uingereza, imesaidia, lakini bado zinapenya. Namba unayobloku leo tapeli hataitumia tena na pengine ni namba ya bibi wa watu asiyejua lolote. Sasa badala ya kuandika orodha ya wabaya, andika orodha ya wazuri. Hao simu yao ilie moja kwa moja, na kila mwingine apige hodi kwanza, ataje jina lake, na mwenye nyumba aamue kama anamkaribisha au la. Mambo mengine yote hapa chini yanafuata hilo.

Anza na ya bure. Piga kampuni ya simu ya mzee waulize kama huduma ya kuonyesha namba ya anayepiga imewashwa kwenye laini yake. Tangu Oktoba 2018 haziruhusiwi kuitoza hela ya ziada, ila wako wazee wengi ambao haijawahi kuwashwa kwa sababu hakuna aliyeomba. Bila hiyo hakuna kifaa kitakachokusaidia, maana kifaa kinasoma namba ndo kinajua cha kufanya.

Halafu msajili TPS, ile orodha ya watu wasiotaka kupigiwa simu za biashara. Ni bure, unaingia tovuti yao au unapiga 0345 070 0707, inachukua mpaka siku 28 kuanza kufanya kazi kamili. Lakini tuelewane, TPS inazuia kampuni halali zinazofuata sheria, hao wanaotakiwa waangalie orodha kabla hawajapiga na wakikaidi ICO, wasimamizi wa taarifa za watu, wanaweza kuwapiga faini. Tapeli haangalii orodha yoyote. Wala haizuii simu za kura za maoni na utafiti, wala kampuni ambayo mzee mwenyewe aliiruhusu, labda alijaza fomu ya bahati nasibu dukani akatiki kile kiboksi kidogo. Na mwambie kabisa kwamba TPS haina malipo, kwa sababu kuna wanaopiga wakisema sisi ni TPS usajili wako unaisha lipa hela kidogo tuuhuishe. Huo ni wizi. Ukiwa bado kwenye kompyuta hapo mtoe pia kwenye ile orodha ya wapiga kura inayouzwa, kuna mbili, moja ni ya uchaguzi yenyewe na hiyo anabaki, nyingine ya wazi mtu yeyote ananunua, halmashauri wanamtoa ukiomba. Na omba namba yake isiwekwe kwenye kitabu cha simu.

Baada ya hapo angalia kampuni yake inatoa nini, usinunue kitu kabla hujajua hili. BT wana Call Protect tangu 2017, namba zinazojulikana kwa kero wanazielekeza zenyewe kwenye sanduku la takataka na simu ya nyumbani hailii kabisa, na mzee akipata simu mbaya anapiga 1572 anaiongeza iliyopiga mwisho. Sky wana Talk Shield, na hii naipenda zaidi kwa sababu inapiga hodi kweli: anayepiga asiyejulikana anaambiwa ataje jina, simu ikilia mzee ananyanyua anasikia lile jina kwa sauti ya mwenyewe, halafu anachagua kumpokea au kumkataa. TalkTalk wana CallSafe nayo kwa mtindo huo huo. Hizi nyingi zipo tu zinasubiri mtu aziwashe. Kaa na mzee siku moja, piga huduma kwa wateja mkiwa pamoja maana watataka kuongea na mwenye laini, mwambie ajibu jina na tarehe ya kuzaliwa kisha aseme anakuruhusu wewe uongee.

Kama kampuni yake haina huduma ya hodi, au ipo ila inamchanganya, nunua simu yenye kichujio ndani. BT wanauza simu za mezani zenye Call Guardian, na unaweza kuitumia hata kama laini yako si ya BT. Zina teknolojia ya trueCall, kampuni ya Kiingereza ambayo pia inauza kiboksi pekee unakichomeka kati ya simu na soketi ya ukutani, kinafaa kama mzee hataki kubadilishiwa simu yake aliyoizoea, japo si cha bei rahisi. Kabla hujatoa hela mfukoni ulizia halmashauri, watu wa Trading Standards wanaolinda wateja, maana kuna maeneo wamewahi kuwagawia wazee vifaa hivi bure hasa wenye ugonjwa wa kusahau au walioshatapeliwa mara moja. Mtu akishatapeliwa mara moja namba yake inauzwa kwa matapeli wengine, huyo ndo wa kukimbilia kabla ya wote.

Sasa ukishakuwa na kifaa kazi inaanza, na hapa usiwe na haraka. Chukua daftari la namba la mzee, lile la karatasi, maana ndo lenye ukweli. Kaa naye mezani ukurasa kwa ukurasa, huyu nani, bado yuko hai, bado anatumia namba hii? Utasikia hadithi nyingi, zisikilize, maana kati ya hizo ndo utajua kwamba yule jirani wa zamani bado anampigia kila Ijumaa. Ingiza watoto, wajukuu, majirani, zahanati yake, duka la dawa, mtu wa kumfanyia usafi, imamu au mchungaji, dereva wa kumpeleka kliniki, na kama ana kile kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni ingiza namba ya kituo chake, hiyo usiisahau hata kidogo. Namba za Uingereza ziingize kamili na kodi ya eneo, zile tarakimu za mwanzo kama 0116, siyo kipande tu, la sivyo kifaa hakitaitambua.

Halafu chagua mtindo wa kuchuja. Hizi simu zinakupa chaguo kadhaa, kuna wa kuzuia aina fulani moja kwa moja, kama vile za nje ya nchi au zilizofichwa namba, na kuna wa kumuuliza jina kila asiye kwenye orodha. Chagua wa kuuliza jina. Mashine zinazopiga zenyewe zinafia hapo hapo kwa sababu haziwezi kutaja jina na kubonyeza reli (#), na matapeli wengi wa kibinadamu nao wanakata wakisikia wanarekodiwa jina, wanataka mtu wa haraka haraka.

Kwa nini nasisitiza usizuie zilizofichwa namba moja kwa moja? Hospitali. Simu nyingi za NHS, huduma ya afya ya serikali, zinaingia zikiwa zimeficha namba, kwenye skrini inaandika Withheld, na daktari anayetaka kukwambia majibu ya kipimo au nesi anayesogeza miadi mbele anapiga kwa hiyo hiyo. Ukiwasha kuzuia zote mzee anapumua wiki mbili za amani halafu inakuja barua kwamba alipigiwa na hakupatikana, kapoteza nafasi ya mtaalamu aliyoisubiri miezi. Kwa hiyo zilizofichwa ziruhusu zipige hodi, usizifungie mlango. Na bado haitoshi, nenda zahanati na kliniki anazohudhuria uwaambie waandike kwenye faili lake kwamba simu hii ina kichujio, taja jina bonyeza reli na usubiri, na waweke namba yako ya mkononi kama ya pili. Mapokezi wanaandika bila shida ukiwaomba.

La pili ni ndugu zetu nyumbani. Simu kutoka Tanzania au Kenya inaweza kuingia vizuri na namba yake, 00255 au 00254 mwanzoni, au isiingie na namba kabisa, skrini ikaandika International au Unavailable, inategemea imepitia njia gani, na wanaopiga kwa vifurushi vya bei rahisi namba ikifika huku wakati mwingine imeshakuwa nyingine kabisa. Ukizuia za nje ya nchi umemkatia mama na dada yake. Ninayemsaidia mmoja, bi mkubwa wa Unguja, kila siku alikuwa anauliza mbona Bi Mdogo hapigi tena, na kumbe Bi Mdogo kule alikuwa anapiga, anasikia sauti ya kizungu inamwambia maneno asiyoyaelewa, anadhani kakosea namba anakata. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa, tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo kabla ya kuwasha tuma vois kwenye grupu la familia, kwa Kiswahili cha kawaida: mkimpigia mama mkisikia mzungu anaongea msikate, subirini mlio, tajeni jina, bonyezeni reli, kaeni kwenye laini. Wengi hawahitaji maelezo zaidi, nyota na reli wanazibonyeza kila siku wakitumiana hela. Namba zao ziingize kwenye orodha kuanzia na 00, na kama kifaa chako kinakubali kuruhusu kwa namba za mwanzo tu, kama cha trueCall, unaweza kuruhusu zote za 00255, ingawa mimi ningemwekea mzee majina ya watu tu maana hata huo mwanzo wa namba unaigizwa.

Kama hela ya kifaa haipo na kampuni haina kitu, ipo njia ya zamani na inafanya kazi vizuri tu. Tafuta simu yenye mashine ya kurekodi ujumbe ndani yake, iwe ile inayosikika kwa spika wakati mtu anaongea. Rekodi salamu wewe mwenyewe kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili, fupi, bila kutaja jina la mzee wala kusema kwamba hayupo nyumbani: acha jina na ujumbe, tutakupigia. Mwambie mzee asiinuke, aache ilie, mashine ipokee, akisikia sauti ya mtu anayemjua ndo anyanyue. Tapeli anakata kabla ya mlio. Angalia tu kama ana ile 1571, huduma ya kampuni ya kupokea ujumbe wa sauti, kwa sababu ile inarekodi kwenye mtambo wa kampuni na hamuisikii ikiendelea, inabidi uizime au uweke mashine yako ipokee kwa milio michache zaidi. Na akikosa simu mwambie asikimbilie kupiga 1471, ile ya kujua nani kapiga mwisho, na kurudisha kwa namba asiyoijua, kuna namba za kurudisha zinakula hela.

Kuna wanaopenya hata hivyo, na hapo kifaa kimeshamaliza kazi yake, kilichobaki ni mzee mwenyewe. Wazee wetu wamelelewa kwamba mgeni anasikilizwa. Mtu akikusalimia unaitikia, akikuuliza hali unamjibu, na kumkatia mtu simu anaongea ni utovu wa adabu. Matapeli wanaishi kwa hilo. Wanasema good morning madam, how are you today, naye anajibu, anamuuliza na yeye hali yake, dakika kumi baadaye wameshakuwa kama ndugu. Usimkaripie, ukimkaripia ataficha siku akitapeliwa kweli. Mpe sentensi moja ya heshima ya kumalizia, mfanyie mazoezi mpaka itoke yenyewe: my son handles that, thank you, bye. Halafu anaweka mkono wa simu chini. Haongopi, hatukani, kaaga vizuri, roho yake inatulia. Na umwambie wazi kwamba wewe mwanawe unamruhusu akate, hilo lina uzito kuliko unavyodhani.

Mambo machache lazima ayajue kwa moyo. Benki haimwambii mtu ahamishe hela zake kwenye akaunti salama. Polisi hawatumi mtu mlangoni kuja kuchukua kadi au pesa taslimu ili wafanyie uchunguzi. HMRC, watu wa kodi, hawatishi kumkamata mtu kwa simu wala kodi hailipwi kwa vocha za zawadi za dukani. Na hii kwetu sisi ni kubwa: anayepiga akisema ni Home Office, ile wizara ya uhamiaji, na kuna tatizo kwenye makaratasi yako lipa sasa hivi, huyo ni mwizi hata akiwa anajua jina lako kamili na mwaka ulioingia nchini. Wageni wanaogopa sana neno hilo na wao wanajua, nimeona mtu mzima mwenye uraia miaka mingi anatetemeka.

Akipata simu ya hivyo akate, na asipige benki kwa simu ile ile papo hapo. Kwenye laini za zamani aliyepiga asipokata laini ilikuwa inabaki wazi, mzee anaweka chini, ananyanyua, anasikia mlio wa simu kumbe ni wa kuigizwa, anapiga namba sahihi kabisa ya benki na anayepokea ni yule yule tapeli. Kampuni zimepunguza sana huo muda laini inaobaki wazi lakini tabia ya kutumia simu nyingine ni nzuri, ya mkononi au ya jirani, na kama hana basi ampigie kwanza mtu anayeijua sauti yake, akikupata wewe ujue laini imekatika kweli. Namba ya kupiga ni 159, inamuunganisha na benki yake, ilianzishwa 2021 na benki kubwa karibu zote zimo. Iandike kwa maandishi makubwa ubandike pembeni ya simu, na chini yake namba yako.

Kitu kimoja cha kukagua mapema, laini za zamani za waya wa shaba zinazimwa, mpango ni zimalizike Januari 2027, na wengi wameshahamishiwa kwenye ya intaneti ambapo simu inachomekwa nyuma ya rauta. Simu yenye Call Guardian inaendelea kufanya kazi, kiboksi nacho unakihamishia pale kwenye rauta, ila huduma za kampuni kama Call Protect hakikisha bado zimewashwa baada ya kuhamishwa. Umeme ukikatika simu hiyo inakufa, hata ya dharura haitatoka, kwa hiyo mzee asiye na simu ya mkononi au mwenye kitufe cha shingoni mwambie kampuni mapema, wanapaswa kumsaidia apate njia ya kupiga 999, wengi wanampa betri ya akiba. Na matapeli wameshalidaka hili, wanapiga wakisema tunakuhamishia laini lipa leo la sivyo inakatwa. Kuhamishiwa laini hakulipiwi kwa simu ya ghafla kama hiyo.

Ukimaliza kila kitu usiondoke kabla ya kujaribu. Toka nje, piga kwa namba yako ya kawaida, ilie moja kwa moja. Piga tena ukianza na 141 ili namba ifichwe kama ya hospitali, taja jina, ngoja uone mzee anaisikia na anajua abonyeze nini. Mwombe mtu wa nyumbani apige kutoka Dar au Mombasa saa hiyo hiyo uone skrini inaandika nini, na jinsi itakavyojitokeza ndivyo uiingize kwenye orodha. Halafu rudi baada ya wiki kama mbili, ufungue orodha ya waliozuiwa na waliokata wenyewe, usome na mzee, kwa sababu kati ya takataka zote hizo kuna uwezekano mkubwa mkamkuta mtu wa maana, fundi wa boila au binamu wa Pemba aliyebadilisha laini, na huyo unamhamishia upande wa pili hapo hapo.